Mgongo Hauna Macho

Ijumaa, 6 Juni. Ilomba, Mbeya

Shule imefungwa! Karatasi ya mwisho niliyosahihisha ya jiografia, mwanafunzi wa Kidato cha Pili kaandika kwamba Usangu ni mlima, si bonde. Nimempa sifuri na papo hapo nikamsamehe, maana Usangu ndiko ninakokwenda, na leo sina hasira na mtu yeyote.

Safari yenyewe ni hii. Mimi na mume wangu Obeid, pikipiki mbili, njia za ndani. Lami ya kwenda Iringa tumewaachia wenye mabasi. Tutashuka bondeni wakati wa mavuno ya mpunga, tupite Ubaruku na Madibira, tupande Sadani hadi Mafinga, tumalizie Ifunda kwa mama yangu mzazi. Hakuna haraka. Tukiona kitu kizuri tunasimama, tukichoka tunalala. Nimeiota safari hii tangu nilipojifunza kuendesha, na Obeid anasema hata usingizini nabadilisha gia.

Obeid atampakia baba yake. Baba mkwe anaishi nasi tangu ugonjwa wa macho ulipomzidi, ule wanaouita presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilicho katikati anakiona, cha pembeni hakipo. Daktari alisema kilichopotea hakirudi na kilichobaki nacho kinaondoka, huenda hata mvua zijazo zisimkute nacho. Mzee hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, apelekwe Usangu alikokuwa utingo wa lori la mpunga enzi za ujana wake, akamwone na rafiki yake Seni.

Na mimi nina langu. Nimeolewa mwaka wa saba huu, na baba mkwe wangu hajawahi kuniona uso. Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaangaliani, hawasemeshani, na mke halitaji jina la baba mkwe hata akiwa peke yake. Vijana wengi wameshaacha. Mzee huyu hajaacha. Mimi Mhehe wa Ifunda nilidhani ni utani, mpaka nikaona siku ya harusi kageuzia uso ukutani. Nyumbani kwetu nikitaka kutoka jikoni nakohoa, naye akitaka kupita anagonga ukuta kwa fimbo. Vyumba vitatu, na tunaishi kama paka na panya waliowekeana mkataba. Hata humu ndani ya daftari langu jina lake siandiki, naogopa.

Lakini nasema wazi: nataka anione kabla jicho halijafunga. Nimempikia miaka yote hii. Sitaki afe akijua kikohozi changu tu.

Jumamosi, 7 Juni

Obeid kaitwa Chunya. Mashine ya kusaga mawe ya dhahabu imeungua na fundi wake ni yeye. Safari imekufa. Nimelia jikoni nikisingizia vitunguu.

Baadaye, jioni hiihii

Haijafa! Binti yangu Tumpe, ana miaka mitano, kaja mbio kutoka chumbani kwa babu yake na ujumbe: "Babu kasema umpeleke wewe. Kasema mgongo hauna macho."

Nimekaa dakika nzima nikiutafakari. Mzee amekaa na mwiko wake, akauzungusha, akatafuta mlango. Mimi nikiendesha natazama mbele. Yeye akikaa nyuma anaona mgongo wangu. Uso kwa uso hatukutani. Mwanasheria gani angeweza zaidi ya hapo?

Jumapili, 8 Juni

Matayarisho. Tumefunga begi la mablanketi katikati ya kiti, ukuta kati ya mkwe na mkwe. Vioo vya pembeni nimevigeuza viangalie nje, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Obeid ameshika tumbo kwa kucheka. Kauliza nitaonaje magari yanayotoka nyuma. Nikamwambia huko tunakokwenda gari likija hata kiziwi anajua.

Tumpe anabaki na dada wa Obeid hapahapa Ilomba. Kakubali baada ya kuahidiwa kuku wa bibi Ifunda.

Jumatatu, 9 Juni. Utengule Usangu

Tumeondoka! Uyole baridi ilitukata masikio, ukungu umeshika barabara, wauza viazi wamejifunika mablanketi kama maharusi. Igurusi tukaiacha lami tukashuka. Joto likatupokea hatua kwa hatua, nikavua sweta la kwanza, nikavua la pili. Bonde likafunguka mbele yangu lote, la rangi ya mpunga ulioiva, na nikapiga kelele ndani ya helmeti kama mtoto.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: "We pikipiki."

Nilikaribia kuangusha. "We pikipiki, mwambie anayekuendesha apunguze mwendo. Nataka kuona wale ndege weupe, nyangenyange."

Nikapunguza. Na mimi nikasema, nikitazama mbele, "Pikipiki, mwambie uliyempakia kwamba tusimame kabisa tukitaka."

"Mwambie ndaga," sauti ikasema. Ahsante. Neno la kwanza la baba mkwe kwangu tangu niolewe, na limepitia kwenye injini.

Jumanne, 10 Juni

Vumbi. Nimelila kuliko chakula.

Alhamisi, 12 Juni. Bado Utengule

Tulikuwa tuondoke juzi lakini kila asubuhi pikipiki inaambiwa isubiri kwanza. Mavuno yamepamba moto. Watu wako majarubani tangu alfajiri, mundu unalia, wanawake wanapiga masuke kwenye mapipa, punje zinaruka. Baba anaingia katikati yao na fimbo yake. Anageuza kichwa chote kama kuku anayemchunguza mdudu, maana bomba lake la kuonea ni dogo. Anachukua suke, anatafuna punje, anatoa hukumu: "Huu uache kwa siku mbili zaidi." Na watu wanamsikiliza!

Nilikaa nyuma ya lori lililoegeshwa nikimsikia anasimulia jinsi lori lao lilivyozama kwenye tope wakakaa nalo hadi wenyeji wakampa jina la kijijini. Anacheka kwa sauti nene, anapiga mapaja. Mimi huyo mtu simjui. Nyumbani kwangu anaishi fimbo na mlango unaofungwa polepole. Kumbe muda wote ule kulikuwa na mtu ndani. Nimefurahi, halafu nimeona wivu. Wavunaji wa Utengule wamemjua zaidi kwa siku tatu kuliko mimi.

Jumamosi, 14 Juni. Ubaruku

Pancha. Fundi kauliza mbona vioo vimetazama nje. Nikamwambia ni heshima. Kajaza upepo, hakuuliza tena.

Jumatatu, 16 Juni. Madibira

Lazima niandike. Leo nilimpoteza baba mkwe.

Nimempata. Lakini nianze mwanzo.

Tulitoka Ubaruku asubuhi, mzee ana furaha kuliko siku zote. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani wa Kinyakyusa, na mimi nikapunguza mwendo ili uishe wote. Mchana tukafika kwenye mfereji mkubwa wa maji ya mpunga. Daraja ni magogo yaliyofukiwa udongo, upande mmoja umemeguka. Nilisimama, nikalipima, nikaona naliweza. Nikavuta mafuta, injini ikanguruma, nikapita, nikapanda ukingo wa pili bila kuteleza hata kidogo. Pikipiki ilikuwa nyepesi ajabu. Nikajisifu kwa sauti: "Faustina, mwanamke wewe ni fundi!"

Nikaendelea. Njia nzuri, upepo mzuri. Nikaona nimpe mzee faida, nikaieleza pikipiki jiografia yote ya bonde, jinsi maji haya yanavyokusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu na kutoka kama Ruaha Mkuu. Nyuma kimya. Nikadhani anasikiliza kwa makini, nikaongeza na mambo ya mmomonyoko wa udongo.

Kwenye kijiji kimoja nikasimama kununua mahindi ya kuchoma. Nikamwambia mama muuzaji anipe mawili, langu na la mzee.

"Mzee yupi, dada?"

"Huyu niliyempakia."

Akainama kidogo, akachungulia. "Hilo ni begi."

Kwa mara ya kwanza tangu Ilomba niligeuka nyuma. Begi la mablanketi limekaa wima, limefungwa vizuri, na nyuma yake kiti kitupu.

Sijui nililipa mahindi au sikulipa. Niligeuza pikipiki nikarudi mbio. Nilikuwa nimeelewa yote mara moja. Aliona lile daraja bovu, akashuka avuke kwa miguu kama mtu mwenye akili. Bila shaka aliiambia pikipiki anashuka, na pikipiki ilikuwa inanguruma. Kuniita hawezi. Mimi sikugeuka kwa sababu ya heshima, vioo vimetazama nje kwa sababu ya heshima, begi limejaa pale katikati kwa sababu ya heshima. Tumeheshimiana mpaka nimemtupa mzee nusu kipofu katikati ya Usangu.

Darajani hakuna mtu. Nyayo zake na alama ya fimbo zimevuka, zimefuata ukingo wa mfereji, zimeingia kwenye mabua makavu, zimeisha. Maji mle mferejini yanakwenda kwa nguvu na kingo ni za kubomoka, na yeye cha pembeni hakioni.

Nikawaendea wavunaji. "Mmemwona mzee mwenye fimbo na koti la kijivu?"

"Anaitwa nani?" akauliza dada mmoja mwenye ungo.

"Ni baba yake Obeid."

"Obeid yupi?"

"Mume wangu."

"Sasa mzee mwenyewe jina lake?"

Nikawaonyesha urefu wake kwa mkono. Wakatazamana. "Unamtafuta mtu usiyemjua jina?" mwingine akacheka, si kwa ubaya, lakini nilitaka kumrushia helmeti.

Nikaita, "Baba!" Wanaume watatu wakaitika kutoka majaruba tofauti. Nikaita, "Baba Obeid!" Hakuna kitu. Nikaenda huku, nikarudi kule, nikiita mpaka sauti ikapasuka. Jua likaanza kushuka, na jioni jicho lake hilo moja huwa haliambulii chochote. Halafu nikaona vumbi: ng'ombe wanarudi kunywa maji, kundi kubwa, wanakuja moja kwa moja kwenye ule ukingo.

Nilipanda juu ya tuta. Nikavua helmeti. Nikafumba macho, kana kwamba hiyo ingepunguza kosa, nikajaza kifua na kuita:

"Anord! Anord Mwakalinga!"

Ndiyo, nimeliandika. Kama nimelipigia kelele bonde zima, kuliandika si kitu.

"Naam!"

Alijibu kama mwanafunzi anayeitwa mahudhurioni. Na hakuwa mbali! Alitokea nyuma ya rundo la majani ya mpunga, hatua chache tu kutoka pale nilipopita mara kadhaa nikilia. Kofia ameishusha hadi puani, uso ameuelekeza pembeni. Wavunaji wakamshika mkono wakamwongoza hadi kwenye pikipiki, ng'ombe wakapita, na mimi nikakaa kwenye kiti nikitazama mbele, machozi yananishuka ndani ya shingo ya sweta.

Hakusema neno. Si kwangu, si kwa pikipiki. Mpaka Madibira, kimya.

Jumanne, 17 Juni. Madibira, kwa Mzee Seni

Asubuhi kitu cha kwanza nimevirudisha vioo mahali pake. Heshima ya aina ile itatuzika.

Mzee Seni ni Msukuma, alihamia hapa na ng'ombe wake zamani, akaongeza na mpunga. Jana alimwona rafiki yake tu akapiga kelele "Mwadila!", salamu ya kwao, akambeba juu kama gunia, na yeye mwenyewe ni mkongwe. Leo wamekaa wameshikana mikono. Baba anacheka na Seni. Nikipita, anageukia ukuta.

Nimempigia Obeid.

"Ulimwita jina?" kauliza.

"Nilimwita."

"Kwa sauti?"

"Usangu yote imesikia."

"Eeh, Faustina." Kavuta pumzi. "Mimi mwenyewe sijawahi kuthubutu."

Jumatano, 18 Juni

Maziwa, ugali, maziwa. Kimya.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimeona kitu nilichokuwa nakiogopa. Mke wa Seni alimletea Baba kibuyu cha maziwa, akakinyoosha karibu mbele yake kabisa, kulia kidogo tu, upande wa jicho lililobaki. Baba hakukiona. Aligeuka kumwambia Seni jambo, mkono ukakipiga, maziwa yote chini. Wiki iliyopita kule Utengule angekiona. Mimi mwalimu, najua kupima: bomba limezidi kuwa jembamba ndani ya safari hii hii.

Seni alimfuta suruali kwa kanga ya mkewe. "Usijali bhana, tuna ng'ombe wengi." Lakini alikuwa analia, mzee yule, waziwazi, na kwa kuwa alikaa pembeni, Baba hakujua kwamba rafiki yake analia.

Nimekasirika. Naandika nikiwa na hasira. Ana mwanga kiasi cha kijiko na ametumia siku nne kutazama ukuta! Kama kosa ni kumwita, basi ningemwita tena, na jina la ukoo na la ubatizo. Halafu najiuliza: na mimi nimefanya nini? Nimekaa miaka yote nikisubiri aanze yeye. Nilidhani mwiko ni wake peke yake, kumbe upande mmoja wa kamba nimeushika mimi.

Jioni wamekwenda zizini, yeye na Seni, wakakaa humo mpaka kiza. Sikuitwa.

Jumapili, 22 Juni. Sadani

Ameongea!

Tumeagana na Madibira baada ya misa. Njia ya kupanda ni mawe na kona, miti ya miombo imeanza kupukutisha, kila tukipanda hewa inapoa na kunukia. Nilikuwa nimeshakata tamaa, naendesha tu. Kileleni tukasimama kupoza injini. Nilikuwa nimempa mgongo, yeye nyuma yangu amekaa juu ya jiwe.

"We pikipiki," akasema.

Sikugeuka.

"Mwambie siku ile sikupotea. Nilimsikia tangu alipoanza kuita. Nilisikia sauti ya mkwe inakuja, miguu ikajificha kabla sijaiuliza. Nimekuwa nikijificha miaka mingi mno. Nikakaa nyuma ya majani nikisikia mtoto wa watu analia, na mimi najificha. Mwambie nilijisikia mjinga. Aibu ndiyo imeninyamazisha, siyo hasira."

Nilitaka kucheka na kulia na kumpiga ngumi, vyote kwa pamoja. Alinisikia! Nimezunguka lile rundo, nimepasua koo, na yeye yupo!

"Pikipiki," nikasema, "mwambie aliyekaa kwenye jiwe kwamba ningemwacha pale pale."

"Angekuwa na haki," akajibu. Halafu tukacheka, yeye kule na mimi huku, migongo inatikisika, mpaka mchunga mbuzi aliyekuwa akipita akasimama kututazama.

Jumanne, 24 Juni. Mafinga

Baridi ya Mafinga haina adabu. Tumeshinda ndani tukinywa chai, yeye ukumbini mwa nyumba ya wageni, mimi jikoni kwa wahudumu. Nje misonobari inavuma tu.

Alhamisi, 26 Juni. Ifunda

Tumefika kwa mama.

Asubuhi Mafinga tuliondoka tukazunguka kwa njia za ndani, mashamba ya mahindi yamekauka, watu wanavunja na kuimba. Baba alitaka kusimama kila mahali. Alishika gunzi, alishika udongo, alisimama mbele ya nyumba moja iliyopakwa rangi ya bluu akaitazama kwa muda mrefu sana. Nikaelewa kwamba anaweka akiba. Nikawa nasimama hata kabla hajasema.

Mama yangu Juliana alikuwa uani anageuza mahindi kwenye jua la jioni. Mama ni mfupi, ana ulimi, na hajawahi kumwogopa mtu tangu azaliwe. Alitukimbilia. "Kamwene, mzazi mwenzangu! Kamwene!" Akampokea mgeni kwa salamu hiyo ya Kihehe, akampa kiti upande wa jua, akamletea maji ya kunawa. Mimi, kama kawaida, nikateleza nyuma ya nyumba.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Jikoni, mama."

"Jikoni kuna nini?" Akamgeukia mzee. "Mzazi mwenzangu, kwenu ni kwenu, nami mila za mtu siziingilii. Lakini nikuulize. Huyu aliyekuleta kutoka Mbeya, ukikutana naye sokoni kesho utamjua?"

Niliona aibu hadi visigino. Kule kwetu Mbeya mtu haulizwi hivyo, tena mgeni, tena mkwe, na kabla hata hajapewa chai! Nikasikia fimbo inagonga chini, nikajua amesimama, nikajua anaondoka.

"Sitamjua," Baba akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nataka kufika kwako, maana jambo hili linataka mzazi wake awepo." Akakohoa. "Kwa ukoo wetu mwiko wa mkwe hufunguliwa kwa ng'ombe, mbele ya shahidi. Kule Madibira, kwenye zizi la Seni, kuna mtamba mwekundu. Nilimchagua kwa mikono, nikampapasa mgongo mzima. Atakaa kwa Seni, na ndama wake, na ndama wa ndama wake. Ni wa Faustina."

Jina langu. Sikujua kama analijua.

"Mzazi mwenzangu, umesikia?"

"Nimesikia," mama akasema, na ulimi wake wote ule ukaishia hapo.

"Basi Faustina, mwanangu, njoo mbele yangu."

Nilikwenda. Nilifika mbele ya kiti chake nikapiga magoti kwenye mahindi, na hapo shingo ikakataa. Kitu nilichokidai miaka yote, nilichokilalamikia kwa Obeid kila mwezi, nilichokiandika humu kwa hasira! Nikabaki natazama viatu vyake. Viatu vyeusi, vumbi limeingia kwenye kila tundu la kamba. Nikavuta kichwa juu, hakikuja. Kumbe hata mimi mwili ulishajifunza kujificha.

"Inua uso, mama," akasema taratibu. "Jua linashuka, na mimi jua likishuka sina jicho."

Nikainua.

Macho yake ni ya Tumpe. Yaleyale, marefu, yenye kope zilizolala, ambayo nayaosha kila asubuhi kabla ya chekechea. La kushoto lilikuwa na ukungu, limetazama mbali. La kulia lilinitafuta, likapita juu ya bega langu, likarudi, likanipata.

Hakunitazama kama watu wanavyotazamana. Hawezi, uso mzima haumwingii. Alinitazama kipande kimoja kimoja. Alianza na paji la uso, akakaa hapo. Akashuka kwenye nyusi moja, akavuka kwenda kwenye nyingine, kichwa chake kikisogea polepole. Akafika kwenye jicho langu na mimi nikamwona ananiona. Akashuka puani, akatabasamu kidogo, pua yangu ni kubwa na najua. Alipofika kidevuni akarudi juu kuanza tena.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshatufikia. Mama akaingia ndani akatoka na taa, akasogea nayo. "Mzazi mwenzangu, chai inapoa," akasema, "na huyu mtoto magoti yatamuuma. Twende ndani."

"Subiri kidogo," Baba akasema, bila kuniondolea jicho. "Sijamaliza."

Mama akaiinua taa juu kidogo, akaishikilia hapo. Na mimi nikatulia, nisitikisike hata kidogo.